Saratani ya damu ikimrudia mtoto: madaktari wanaposema wanachanganya tiba za kinga, wanachanganya nini?

Asilimia 81, asilimia 99, asilimia 96. Ni namba tatu za kweli, zote zimetoka kwenye tafiti za watoto wenye saratani ya damu, na zote zikishapita kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp hubaki sentensi moja: "Dawa ya kinga inayotibu saratani ya damu imepatikana, sasa wanazichanganya." Hapo maswali yanaanza. Ni chanjo? Ni kama zile chupa za kuongeza kinga zinazouzwa stendi? Mtoto akipewa mbili si atapona haraka zaidi? Na kama kweli ipo, mbona huku hatuisikii?

Namba hizo nitazirudia mbele kidogo, maana ndizo zinazowapotosha watu kuliko kitu kingine chochote. Lakini hazisomeki vizuri mpaka mtu ajue ugonjwa wenyewe unafanya nini na hizo tiba zinaushika wapi.

Ugonjwa, na kwa nini hurudi

Damu hutengenezwa kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa. Seli nyeupe huzaliwa humo zikiwa changa, hukomaa, halafu hutoka kwenda kupambana na vijidudu. Saratani ya damu, au lukemia, ni pale seli changa za aina moja zinapogoma kukomaa na kuendelea kuzaliana tu, hadi uboho unajaa na nafasi ya kutengeneza damu nyekundu na chembe za kugandisha damu inakosekana. Mtoto anapauka, anavilia damu chini ya ngozi, fizi zinatoka damu, homa haziishi, usiku analia miguu inamuuma. Wengi huanza kwa kutibiwa malaria au upungufu wa damu. Siwalaumu wazazi wala zahanati. Dalili zinafanana mno.

Aina inayowapata watoto zaidi huitwa kwa kifupi ALL, na mara nyingi huanzia kwenye seli B, zile ambazo zikikomaa hutengeneza kingamwili. Ninayoyaeleza hapa yanaihusu hiyo.

Tiba yake ya msingi ni kemo, yaani dawa kali zinazoua seli zinazozaliana kwa kasi, na historia ya kemo inasaidia kuelewa yaliyofuata. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alionyesha kuwa dawa moja, aminopterin, inaweza kuurudisha nyuma ugonjwa huu kwa watoto. Ulirudi nyuma kweli, lakini baada ya miezi michache ukaibuka tena na watoto wakafa. Dawa nyingine zikaja, moja moja, na mambo yakawa yaleyale. Kilichobadilisha hali ni uamuzi wa miaka ya 1960, hasa wa Donald Pinkel na wenzake katika hospitali ya St. Jude mjini Memphis, wa kuzitumia dawa hizo kwa pamoja na kwa mpangilio, na kuutibu pia ubongo na uti wa mgongo ambako seli za ugonjwa hujificha. Leo katika nchi tajiri watoto takribani 9 kati ya 10 wenye ALL hupona. Anayejua kwa nini kifua kikuu hutibiwa kwa dawa nne, au kwa nini ARV huwa tatu ndani ya kidonge kimoja, ameshaielewa sababu: kwenye kundi kubwa la seli au vijidudu hawakosekani wachache wanaoihimili dawa moja, na hao wakiachwa ndio wanaozaliana upya.

Kwa hiyo kuchanganya si wazo jipya. Watu wa tiba za kinga wanarudia somo ambalo watu wa kemo walilisoma miaka 60 iliyopita.

Hata huko kwenye matibabu kamili, watoto 10 hadi 15 hivi katika kila 100 ugonjwa huwarudia. Seli zilizorudi ni zile zilizostahimili kemo, hivyo kuongeza kemo ileile kwa dozi kubwa zaidi kunaweza kumuumiza mtoto kuliko kunavyouumiza ugonjwa. Ni kwenye kona hii ndipo tiba za kinga zilipoingia.

Trafiki na mstari wa daladala

Tiba ya kinga ni matibabu yanayoutumia ulinzi wa mwili, iwe seli zake au kingamwili, kuishambulia saratani. Hayaongezi kinga kwa ujumla. Yanaielekeza kwenye shabaha moja, na shabaha hiyo lazima ijulikane kabla ya kuanza.

Anayepanda daladala Dar es Salaam anajua kwamba gari hutambulika njia yake kwa mistari ya rangi ubavuni. Seli B nazo zina mstari wao, protini iliyo juu ya seli inayoitwa CD19. Seli B nzima zinayo, na seli za lukemia zilizotokana nazo zinayo. Seli T, ambazo kazi yake ni kuua seli zilizoharibika, ndio trafiki. Tatizo ni kwamba seli ya lukemia imezaliwa mwilini mwa mtoto huyohuyo, kwa hiyo trafiki anaiona ni gari la siku zote, anaipungia mkono ipite. Kemo ni kama kufunga barabara nzima: hukamata chochote kinachozaliana kwa kasi, ndiyo maana nywele zinanyonyoka na mdomo unatoka vidonda. Tiba ya kinga inamwambia trafiki asimamishe kila gari lenye mstari huu.

Ziko njia kadhaa za kumwambia. Ya kwanza ni dawa iitwayo blinatumomab. Ni protini yenye ncha mbili: moja inaishika CD19, nyingine inaishika seli T, mbili hizo zinakutanishwa uso kwa uso na seli T inafanya kazi yake. Dawa hii haikai mwilini. Ndani ya saa mbili hivi nusu yake imeshatoweka, kwa hiyo haiwezi kuwa sindano ya kuchomwa na kuondoka. Mtoto hupewa pampu ndogo yenye mfuko wa dawa, vyote vikawekwa kwenye begi la mgongoni, na mrija mwembamba ukapita hadi kwenye mshipa mkubwa kifuani, usiku na mchana, siku 28 mfululizo. Siku za mwanzo ni za hospitalini, kwa ajili ya kuangalia homa na degedege. Baadaye wengi huruhusiwa kwenda nyumbani na begi lao, wakirudi kubadilishiwa mfuko. Analala nalo, anacheza nalo, na kuoga kunakuwa ni kwa mahesabu.

Ya pili ni CAR-T, na hii ndiyo inayosimuliwa zaidi. Mtoto hulazwa kando ya mashine inayoichuja damu yake kwa saa kadhaa na kutenga seli T. Seli hizo hupelekwa maabara, huwekewa jeni mpya kwa kutumia kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuleta ugonjwa, na tangu hapo huweza kuitambua CD19 zenyewe. Huzalishwa kwa wingi, na baada ya wiki kadhaa hurudishwa kwa dripu. Mfuko wenyewe ni mdogo na shughuli ya kuurudisha haichukui muda. Kinachochukua muda ni kinachofuata.

Mtoto wa kwanza mwenye ALL kupewa tiba hii, Emily Whitehead, alitibiwa Philadelphia mwezi Aprili 2012, akiwa na miaka 6 na ugonjwa umeshamrudia mara mbili. Seli zake mpya zilifanya kazi kwa fujo kiasi kwamba homa ilipanda, shinikizo la damu likaporomoka na akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Vipimo vikaonyesha protini moja inayochochea homa, IL-6, imepanda kupita kiasi. Profesa Carl June, kiongozi wa watafiti, aliijua dawa ya kuizuia, tocilizumab, kwa sababu binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa viungo unaotibiwa kwa dawa za aina hiyo. Emily akapewa, akazinduka siku aliyotimiza miaka 7. Tangu hapo dawa hiyo ya viungo ni lazima iwepo tayari hospitalini kabla mtoto hajarudishiwa seli zake.

Ya tatu, inotuzumab, haimtumii trafiki kabisa. Ni kingamwili iliyobebeshwa sumu. Inaganda kwenye alama nyingine ya seli B, CD22, seli inaimeza, na sumu inafunguka ikiwa ndani.

Kwa kuwa seli B nzima nazo zina mstari uleule, tiba hizi huzifagia pamoja na zile mbovu. Baada ya CAR-T baadhi ya watoto hukaa miezi au miaka bila seli B, na huhitaji kuwekewa kingamwili za watu wengine kwa dripu kila baada ya wiki kadhaa ili wasishambuliwe na maradhi. Gharama hiyo haitajwi sana kwenye habari za mafanikio.

Kuna matundu mawili ya kutorokea

Tiba moja ya kinga ikimtuliza mtoto halafu ugonjwa ukarudi, kwa kawaida umepitia tundu moja kati ya mawili.

Tundu la kwanza: gari limepakwa rangi upya. Seli chache za lukemia zilizokuwa hazina CD19, au zilizoipoteza, zinabaki hai na kuzaliana. Trafiki yuko barabarani, ana nguvu zake, lakini anautafuta mstari ambao haupo tena.

Tundu la pili: mstari upo vilevile ila trafiki hayupo. Seli T zimechoka au zimekwisha mwilini, na seli chache za lukemia zilizokuwa zimejificha zinapata nafasi.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha mada yote. Ukisoma habari yoyote ya kuchanganya tiba za kinga, jiulize kwanza wanajaribu kuziba tundu lipi, kwa sababu dawa inayoziba moja inaweza isiliguse jingine kabisa.

Kwa tundu la kwanza, jibu ni kutafuta alama mbili kwa wakati mmoja, CD19 na CD22. Gari likibadilisha rangi, linakamatwa kwa namba. Linasikika rahisi lakini halikuwa rahisi. Watafiti wa London walitengeneza seli T moja yenye uwezo wa kutambua alama zote mbili, wakawapa watoto na vijana 15. Kwa 13 kati yao ugonjwa ulitoweka, kisha kwa wengi ukarudi, kwani seli hizo hazikudumu. Walikuwa wameshughulikia tundu la kwanza, wakaangushwa zaidi na la pili. Wachina walipita njia nyingine: badala ya seli moja yenye macho mawili, walitengeneza makundi mawili ya CAR-T, moja la CD19 na jingine la CD22, wakampa mtoto yote. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2023, yalihusu watoto 225.

Kwa tundu la pili kuna mkakati tofauti. Seli T zina breki iitwayo PD-1, ambayo kazi yake halali ni kuzizuia zisishambulie mwili. Lukemia inajua kuikanyaga breki hiyo. Dawa kama nivolumab huiondoa. Ugunduzi wa breki za aina hii ndio uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mtandao wa watafiti wa saratani za watoto, Children's Oncology Group, ulianzisha jaribio la kuunganisha blinatumomab na nivolumab kwa watoto na vijana ambao ALL ya seli B imewarudia kwa mara ya kwanza: moja inamleta trafiki kwenye gari, nyingine inamzuia asilale kazini.

Sasa zile namba

Asilimia 81 ni ya CAR-T ya kwanza kuidhinishwa Marekani, Agosti 2017, kwa jina la biashara Kymriah. Watoto na vijana 75 walipewa, na ndani ya miezi mitatu asilimia 81 hawakuonekana tena na ugonjwa. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 50. Karibu nusu ya wote walipitia wodi ya wagonjwa mahututi kwa sababu ya homa kali kama ile iliyompata Emily.

Asilimia 99 ni ya Wachina na makundi yao mawili. Kati ya watoto 194 walioanza wakiwa na ugonjwa unaoonekana kwenye uboho, 192 ulitoweka. Baada ya mwaka, asilimia 73.5 walikuwa bado salama, na baadhi yao walikuwa wamepandikizwa uboho katikati. Usichukue 73.5 ukaipambanisha na 50 ya hapo juu kama matokeo ya mechi. Watoto walikuwa tofauti na walifika kwenye tiba wakiwa na hali tofauti. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba "umetoweka" na "umepona" vimetengana kwa umbali mkubwa, na namba inayorushwa kwenye simu karibu kila mara ni ya "umetoweka".

Asilimia 96 haihusu ugonjwa uliorudi hata kidogo. Ni ya jaribio la Children's Oncology Group lililotangazwa Desemba 2024, la watoto 1,440 waliogunduliwa ALL kwa mara ya kwanza. Nusu walipewa kemo peke yake, nusu kemo na blinatumomab. Baada ya miaka mitatu, asilimia 96.0 ya waliopewa blinatumomab walikuwa salama, dhidi ya 87.9 ya wenzao. Hapo hapakuwa na tiba mbili za kinga. Ilikuwa moja pamoja na kemo. Mimi naiona ndiyo habari kubwa kuliko zote tatu, japo ndiyo iliyopewa kelele kidogo: ugonjwa ambao haukurudi haumlazimu mtu kuutafutia mchanganyiko.

Mbili si lazima zizidi moja

Wazo kwamba tiba mbili huleta nguvu mara mbili linawakera madaktari wa saratani, na wana haki. Inotuzumab huweza kuziba mishipa midogo ya ini, na hatari hiyo hupanda ikifuatwa na kupandikizwa uboho, hatua ambayo wengi wa watoto hawa wanaihitaji. Mtoto ambaye blinatumomab haikumsaidia, mara nyingi hafanyi vizuri hata akipewa CAR-T ya CD19, kwani zote zinautafuta mstari uleule. CD22 nayo ina ujanja wake: seli haihitaji kuipoteza yote, ikiipunguza tu tiba inashindwa kuikamata. Kwa hiyo swali la kipi kianze na kipi kifuate ni zito kuliko swali la vingapi.

Na kuna mahali ambapo hizi tiba hazifiki sawasawa. Ugonjwa ukirudi kwenye korodani au kwenye maji ya uti wa mgongo pekee, blinatumomab haikuonyesha faida iliyoonekana kwa waliorudiwa kwenye uboho.

Mengine nitayapitia haraka. Hii si chanjo. Mtoto mzima hapewi ili asiugue. Vidonge na juisi za kuongeza kinga haviendi popote, kwani seli zilizoharibika ni za mfumo wa kinga wenyewe, na baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za kemo kwenye ini. Kuongezewa damu kunamsaidia mtoto avumilie matibabu, hakutibu lukemia. Na ugonjwa kurudi hakumaanishi mama alikosea chakula. Kuruka dozi za vidonge vya kemo vinavyomezwa nyumbani huongeza hatari, hilo ni kweli, lakini unawarudia hata ambao hawakuruka hata siku moja.

Na huku kwetu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini chini ya 30. Pengo hilo halikuletwa na kukosekana kwa CAR-T. Limeletwa na kuchelewa kugundua, kukosea kugundua, maambukizi wakati wa kemo, na familia kukatisha matibabu ya ALL ambayo huchukua miaka miwili hadi mitatu, nauli na kazi vikiwa vimekwisha. Mtoto aliyemaliza kemo yake yote kwa wakati amepata kinga dhidi ya kurudiwa ambayo hakuna mchanganyiko wa kuifidia.

Lakini mzazi ambaye ugonjwa wa mwanawe umesharudi hawezi kuambiwa hayo yakamtosha. Wengi macho yao yanaelekea Uhindi, na huko kuna jambo la kujua. Oktoba 2023 Uhindi iliidhinisha CAR-T yake yenyewe, NexCAR19, iliyoanzia kwenye chuo cha IIT Bombay na hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai. Bei yake iliyotajwa ni kama dola 50,000, wakati Kymriah ilipoingia sokoni Marekani ilitangazwa kwa dola 475,000. Ila idhini hiyo ilitolewa kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 15. Michango ya kumpeleka mtoto wa miaka 5 ikianza, suala la umri liulizwe kwa barua kwa hospitali inayompokea, si kwa dalali wa safari.

Kabla ya hapo yako maswali ya kumuuliza daktari anayemtibu sasa. Ni ALL ya seli B au ya seli T? Tiba zote nilizozieleza za CD19 na CD22 hazina kazi kwa ya seli T. Umerudi wapi: uboho, maji ya uti wa mgongo, korodani, au zaidi ya sehemu moja? Umerudi muda gani tangu ulipogunduliwa? Unaorudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo kwenye uboho ni mkaidi zaidi, na unaochelewa huweza kuitikia kemo upya. Hospitali ina njia ya kuomba dawa kupitia mpango wa msaada? Na seli zilizorudi safari hii zimepimwa kama bado zina CD19 na CD22? Majibu ya kipimo cha mara ya kwanza hayatoshi, kwa sababu rangi huenda imeshabadilika. Kipimo hicho kifanyike kabla familia haijauza kiwanja.